Habari za Umeme wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mkunga. Nasema alikuwa kwa sababu amestaafu, ingawa mtaa wetu haujawahi kulikubali jambo hilo. Nusu ya watu wanaopita mbele ya nyumba yetu, wenye ndevu zao na mikoba yao, walipokelewa na mikono yake, na wengine akiwaona wanapita kwa majivuno huninong'oneza, "Huyu alitanguliza matako." Hakupata mtoto wake mwenyewe. Mume alikuwa naye, akaenda zake. Yeye mwenyewe hulisimulia kwa ufupi huohuo. Alibaki na nyumba yake ya bati, na mimi binti wa kaka yake, na neno lake.

Hilo neno ndilo ninalotaka kulieleza, maana ndilo lililokwenda na maji. Mtaani kwetu ukimwambia mama fulani asimpe mtoto dawa fulani, atakuuliza nani kasema. Ukimjibu "Shangazi kasema," mjadala umekwisha, na chupa inawekwa chini. Watu walimletea hata mambo yasiyohusu uzazi, kama kiwanja cha kununua, mchumba wa binti, au shule ya kumhamishia mtoto mtukutu. Hakuwa mwepesi wa kujibu. Kama hajui, alisema hajui, na huko kusema hajui ndiko kulikowafanya wamwamini siku aliposema anajua. Mali yake ilikuwa hiyo moja. Niliyelelewa naye nakwambia aliijua vizuri na aliitunza kama wengine wanavyotunza nguo ya kutokea.

Sasa tuje kwenye umeme. Wa kwetu hukatika bila haya. Unakatika mvua ikinyesha kwa sababu mvua inanyesha, na unakatika jua likiwaka kwa sababu ambazo hatujaambiwa. Shangazi alikuwa amenunua friji kwa kiinua mgongo chake, ili auze maji baridi na juisi pale dirishani, ajitafutie riziki akiwa ameketi, maana mgongo ulishachoka kuinamia watu. Friji ikageuka kabati. Tulihifadhi humo unga, ili panya wasiufikie. Wateja wakija kuulizia maji baridi, Shangazi anawaambia yapo ila ni ya moto, nao wanacheka na kwenda dukani kwingine. Mwisho akasema basi, tutafute umeme wa jua.

Mimi nauza viatu vya mtumba sokoni, kwa hiyo nayajua maneno ya biashara kutoka upande wa ndani. Najua kumwambia mtu kiatu kinachombana kitapanuka, na kinachompwaya kitakaa sawa akivaa soksi. Nikamwambia Shangazi asiwe na haraka, awasikilize wote, asisaini chochote. Akaniambia amezalisha wanawake kwa mwanga wa mshumaa, hawezi kushindwa na wauza taa.

Wa kwanza alikuja na fulana yenye picha ya jua kifuani. Alisema seti imebaki moja ghalani na ofa inaisha jioni ileile. Shangazi akamuuliza, "Kwani kesho jua halitachomoza?" Yule kijana akaomba maji ya kunywa. Tulimpa, ya moto.

Wa pili alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya upole, na upole wake ulikuwa wa kutisha watu. Alituonyesha kwenye simu picha za nyumba zilizoungua kwa sababu wenyewe walinunua mitambo ya bei rahisi kwa watu wengine. Alipoona tumetoa macho vya kutosha, akachomoa karatasi na kumwomba Shangazi saini, si ya kununua, ni ya kuthibitisha tu kwamba amefika. Shangazi akamwambia, "Umefika, mwanangu. Nimekuona kwa macho yangu, na huyu hapa shahidi." Dada akaikunja karatasi yake na kuaga. Nilijivunia shangazi yangu siku hiyo, nikaenda sokoni nikawasimulia wenzangu, tukacheka mpaka wateja wakageuka.

Wa tatu ndiye aliyetumaliza. Mtaa baadaye ulimpa jina la Bwana Mwanga, na mwanzoni jina hilo lilikuwa la sifa. Alifika akavua viatu mlangoni ingawa hatukumwambia avue. Akainama, akamwamkia Shangazi kwa mikono miwili, akamuuliza habari za mgongo. Sijui mgongo aliujulia wapi. Alimsalimia taratibu, bila pupa, akauliza habari za nyumbani, za majirani, za watoto aliowazalisha, na Shangazi akawa anajibu uso umemkunjuka, maana siku hizi watu hawasalimii hivyo. Kuhusu umeme hakutia neno. Alipoondoka alilibeba pipa la maji lililokuwa uani akaliingiza jikoni.

Aliporudi mara ya pili alikula kwetu, akaomba aongezewe. Mara ya tatu, Shangazi mwenyewe ndiye aliyeanza kuulizia bei.

Kwa kazi yangu huwa natazama viatu kabla ya uso. Vyake vilikuwa vya ngozi halisi, vimepigwa rangi, soli haina mkwaruzo, na mtu anayeshinda juu ya mapaa ya watu hana viatu vya namna ile. Nilimwambia Shangazi. Akanijibu, "Wewe una kinyongo na kila mwenye viatu vizuri ambaye hakununua kwako." Kulikuwa na ukweli kidogo humo.

Usidhani hakuuliza maswali. Aliuliza kama anayempima mjamzito. Mtambo utabeba friji? Utabeba friji, mama, na feni na televisheni, hata pasi ukitaka. Na siku za mawingu? Hiyo ndiyo kazi ya betri, mama. Betri ni mpya? Hapo Bwana Mwanga akaweka mkono kifuani, akamtazama kwa huzuni, akasema, "Mama. Mimi nikuletee wewe betri kuukuu? Wewe, uliyenilisha?" Ukiyasikiliza vizuri maneno hayo utaona kwamba hayajibu kitu. Shangazi aliyasikia kama jibu, akaona haya hata kwa kuuliza. Mwanamke aliyewashinda wa ofa na wa karatasi alishindwa na mtu aliyemwita mama.

Paneli zikapandishwa juu ya bati, betri na inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, vikawekwa sebuleni kando ya kabati la vyombo. Bwana Mwanga alitoa na feni ya mezani, mpya, ndani ya boksi lake. Alisema hiyo si ya kampuni, ni yake yeye mwenyewe kwa mama yake. Friji ikaguna, ikatulia, ikaanza kazi. Shangazi alifungua mlango wake akaingiza mkono ndani, akakaa hivyo kwa muda kama anayeosha mkono kwenye baridi. Wiki zile za mwanzo maji yalikuwa ya baridi hasa, na watu walipanga foleni dirishani. Bwana Mwanga alikuja na wageni wake mara kwa mara, akawaonyesha friji, akawaonyesha feni, akawaambia, "Mnamjua mwenye nyumba hii?" Walimjua. Nani asiyemjua.

Kisha inveta ikaanza kulia. Mwanzoni ililia jioni tu, kilio chembamba kinachokatakata, halafu friji inazima. Baadaye ikawa inalia alasiri. Mwisho hata wingu dogo likipita, mtambo mzima unalala. Nilipokuwa nikifuta vumbi kwenye betri niliona ukingo wa karatasi ya jina umebanduka. Nikaukwangua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, iliyofifia, yenye mikwaruzo ya miaka mingi. Nikamwita Shangazi. Alivaa miwani, akainama pale na mgongo wake ule, akatazama kwa muda mrefu. Aliirudisha ile karatasi mpya na kuibana kwa kidole gumba, kama anayemfunika mtu asionekane uchi.

Tulipiga simu, haikupokelewa. Tulipiga kwa namba ya ofisi, tukaambiwa fundi yuko njiani, na huko njiani ndiko alikokaa. Lakini Bwana Mwanga mwenyewe hakuacha kupiga, na hilo ndilo lililotuchanganya. Alipiga mchana, Shangazi akiwa dirishani, na simu ya Shangazi inasikika mpaka uani kwa sababu masikio yake yamechoka. Mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, baba."

"Habari za umeme wetu?"

"Nzuri tu, mwanangu, ila huu mtambo..."

Hapo simu inakatika. Shangazi anaitazama, anaitikisa, anasema mtandao umeanza tena mambo yake. Akipiga yeye, haipokelewi.

Naomba nieleze jambo hapa, ingawa kila anayesema lugha hii analijua. Sisi tukiulizwa habari tunajibu nzuri. Nyumba inaungua, mtoto yuko kitandani, mume ameenda zake, unajibu nzuri kwanza, kisha ndiyo unaeleza kwamba nyumba inaungua. Hiyo nzuri si taarifa, ni kumfungulia mtu mlango. Taarifa inakuja baadaye, mkishaketi. Shangazi hajawahi katika maisha yake kuanza na ubaya. Hata akitoka chumbani mwa mzazi aliyepoteza mtoto, aliitika salamu za ndugu wote kwa zamu, ndipo akawaambia waketi.

Na majirani nao waliuliza wakipita. Shangazi, habari za umeme wa jua? Nzuri tu. Wakaendelea na safari zao. Angetaka kueleza, lakini hakuna aliyeketi, na yeye hakuona staha kumkimbiza mtu barabarani kumsema vibaya kijana aliyekula kwake. Alikuwa akisubiri mtu aketi. Nikamwambia, "Shangazi, wapigie kelele." Akasema, "Nianze vipi?"

Ng'ambo ya barabara yetu kulikuwa na kibanda cha Fundi, fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye vidole vyepesi kuliko ulimi wangu. Shangazi ndiye aliyemzalisha mama yake, na ndiye aliyempokea yeye, na alipofiwa na huyo mama ndiye aliyemwongoza maishani. Alishonea cherehani ya kukanyaga aliyorithi kwa mama yake, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Siku moja nikaona imebebwa na mkokoteni. Nikamuuliza. Akacheka, akasema ameiuza, anahamia ya umeme, amepata kazi ya sare za shule nzima, na paneli zinakuja kesho. Nilimuuliza paneli za nani. Akasema, "Za kwenu, za nani tena?"

Nilimwambia asubiri, wetu unazimazima. Nilimwambia kabisa, nimesimama palepale mlangoni. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe tangu utotoni hukosi la kulalamikia. Mimi nimeshamsikia Shangazi mwenyewe." Nilidhani amezungumza na Shangazi. Jioni nikamuuliza Shangazi, akasema hawajaonana wiki nzima. Kufika asubuhi nikakuta paneli ziko juu ya kibanda.

Ukiwa na cherehani ya umeme na pasi ya umeme, na betri iliyochoka kama ile yetu au zaidi, hesabu yake haihitaji shule. Alipochomeka pasi, inveta ililia na kuzima. Akaacha pasi akashona tu, ikazima katikati ya mshono. Umeme wa kawaida nao ukawa na wiki zake mbaya. Alishona alfajiri, alishona adhuhuri, alibeba vitambaa kwenda kushonea kwa watu, akaomba siku, akaongezewa, akaomba tena. Mwisho shule wakaja na gari wakachukua vitambaa vyao, vilivyokatwa na visivyokatwa. Nilimwona amesimama mlangoni utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni, akilitazama lile gari mpaka likapinda kona.

Alikuja kwetu siku ya pili yake. Aliketi. Ndiye mtu wa kwanza kuketi tangu mtambo ule uharibike, na laiti angekuja mapema.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama. Habari za kazi?"

"Nzuri," akasema Fundi. "Nimefunga kibanda."

Shangazi akaweka chini bilauri aliyokuwa akiifuta. Fundi akaendelea, sauti yake iko chini, ya heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyoniumiza. Alisema Bwana Mwanga alipomjia, yeye Fundi alisita, akamwambia ngoja kwanza nikamuulize Shangazi. Bwana Mwanga akamjibu kwa nini upate taabu ya kuvuka barabara, tumuulize sasa hivi. Akapiga simu mbele yake, akaiweka sauti ya juu. "Akakuamkia, ukaitika. Akakuuliza habari za umeme. Ukasema nzuri tu, mwanangu. Nilikusikia kwa masikio yangu, Shangazi. Sikuambiwa na mtu."

Nilimwona Shangazi akizihesabu kichwani zile simu zote za mchana. Mimi ndiye niliyeropoka, nikasema alikuwa anaikata, alikuwa anaikata makusudi Shangazi akianza kueleza, na mtandao hauna kosa lolote, ni yeye na kidole chake. Fundi alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akamgeukia Shangazi tena.

"Mimi sikuja kugombana. Nataka tu kujua. Walikupa nini?"

Mtu mwingine angesema hawakunipa kitu. Shangazi hajui kudanganya, hata pale uongo ungekuwa karibu na ukweli kuliko ukweli wenyewe.

"Alinipa feni," akasema.

Fundi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizia bei akaambiwa. Akaitazama feni pale mezani. Alitushukuru kwa maji, akaaga vizuri, akaenda. Mwisho wa mwezi aliondoka mtaani, akaenda kushona kiwandani mjini, kazi ya kukaa safu moja na wenzake akishona mikono ya mashati tu, siku nzima, mikono mitupu bila shati. Hakuja kuaga.

Siku ileile Fundi alipotoka kwetu, Shangazi alijifunga kanga yake akatoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Mimi nilimfuata, nilikuwa nimefunga biashara. Aliingia, akaketi hata kama hakukaribishwa kuketi, akasema umeme wangu ni mbovu, betri ni kuukuu, yule kijana ni mwongo, alitumia sauti yangu. Alisema yote bila kupunguza wala kutia chumvi. Walimsikiliza kwa adabu. Wakasema pole sana, Shangazi. Tulipotoka nyumba ya tatu nilirudi kuchukua miwani aliyoisahau, nikamkuta mwenye nyumba akimwambia mkewe, "Wamedhulumiana kamisheni, hao." Mke akasema, "Na umri nao." Niliichukua ile miwani nikatoka, na sikumwambia Shangazi. Lakini yeye ni mkunga, anajua kusoma nyuso, na kufika nyumba za mwisho alikuwa anazungumza akitazama sakafu.

Baada ya hapo mambo yakaanza kupungua bila kelele. Waliokuwa wakija kuomba ushauri wa majina ya watoto hawakuja tena. Kiwanja kilinunuliwa mtaa wa pili tukasikia kwa wengine. Alikuja mama mmoja kijana na mtoto mwenye homa, Shangazi akamgusa mtoto, akamtazama macho, akasema mpeleke hospitali leo, usingoje kesho. Yule mama akasema sawa, akamfunga mtoto mgongoni. Mlangoni akageuka. "Ngoja niulize na kwa mwingine kwanza," akasema, si kwa ubaya, kwa namna tu mtu anavyosema akitoka kwenye duka asilolijua. Mtoto alipelekwa, akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini Shangazi aliketi palepale kitini mpaka giza likaingia, na nilipomwuliza kama atakula, alisema atakula, na hakula.

Kabla ya hapo sikuwahi kumwona mtu aliyefiwa na kitu kisichoonekana. Huwezi kumpa pole ipasavyo. Huwezi kuchangisha. Nilitamani wangekuja kutuvunjia madirisha, angalau tungejua tunapigana na nani.

Halafu likatokea la Kinyozi. Kinyozi ana chumba chake pale kona, na umeme umempa jina baya kwa miaka, maana wateja wake wameshatembea mtaani na nusu ya kichwa, wakingoja urudi amalizie nusu nyingine. Nilikuwa napita kutoka sokoni nikaona ngazi imeegemezwa ukutani kwake na vijana wawili wako juu ya bati na paneli. Nilikimbia nyumbani. Nilimwambia Shangazi twende. Hakuuliza wapi, alivaa kandambili, moja ya kwangu moja ya kwake, akatoka.

Kinyozi alikuwa mlangoni ameshika kitambaa chake cha mabegani. Shangazi hakumpa hata nafasi ya kumwamkia. Mara ya kwanza maishani mwake alianza na ubaya.

"Baba, usinunue. Wangu umekufa. Betri walizobandika majina ni kuukuu. Fundi ameuza cherehani ya mama yake kwa sababu yangu na sasa hana hii wala ile. Mimi sikulipwa. Nilipewa feni, na hiyo feni nitakuletea uivunje wewe mwenyewe. Usinunue."

Alikuwa anahema. Kinyozi alitazama chini, akatazama juu kwenye bati, akamtazama Shangazi. Nilimwona anayumba. Nakuapia nilimwona. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akasema polepole, "Kweli, Shangazi?" Na akainua mkono kuwaashiria vijana wangoje, na drili juu kule ikanyamaza.

Hapo ndipo Bwana Mwanga alipotokea nyuma ya nyumba. Alikuja taratibu, na viatu vyake vilevile, na alipofika mbele ya Shangazi aliinama kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, kwa unyenyekevu wa mtoto aliyekosa nyumbani.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, baba," Shangazi akasema. "Hujambo?"

Ilimtoka kabla hajajua. Nilimwona akishtuka, mkono wake ukaenda mdomoni, lakini ilishatoka, na ilitoka na sauti yake ileile nzuri, iliyokaribisha mtaa mzima duniani. Bwana Mwanga akajibu hajambo, akasema alikuwa amemkumbuka sana mama yake, akaulizia mgongo. Nilimtukana. Nilimwita mwizi, nikamwita na mengine ambayo siyaandiki. Watu waliokuwa wamesimama wakanitazama mimi, mwanamke wa sokoni anayetukana kijana mwenye adabu, na Kinyozi akaanza kutabasamu, uso wake ukalegea kwa faraja.

"Kumbe ni mambo ya nyumbani tu haya," akasema. "Mama na mwanawe. Mtapatana, Shangazi." Akawapungia vijana mkono, na drili ikaanza kutoboa bati.

Tulirudi nyumbani. Nilimshika mkono kwa sababu barabara ina mashimo. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mtu wa umri wake ambaye angeweza kunyamazia salamu, kwamba si kosa, kwamba ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyonilea. Nilifungua mlango, akaingia mbele yangu, akaketi bila kuvua kandambili.

"Huyo Kinyozi," akasema, "nimemuuzia mimi."